Nape ya maharagi

Mume wangu alitengenezesha meza ya kulia ya mbao ya libuyu, na ilipofika nyumbani ikakataa kupita mlangoni. Seremala aling'oa fremu, meza ikaingia, fremu ikarudishwa. Tangu siku hiyo mlango wetu haufungi vizuri, lakini meza iko ndani. Ilipakwa vernis ya kung'arisha mpaka ukiinama unaona kidevu chako. Mume wangu akasema hiyo ni meza ya wageni, na sisi tukaendelea kula kwenye mkeka, pembeni yake, tukitazamana na miguu yake.

Mwanzoni niliifunika kwa kitambaa cha meza, nape ya plastiki yenye mawaridi, zile zinazokatwa kwa mita sokoni. Jua lilipochoma bati letu, plastiki ikashikana na vernis. Nilipoibandua, waridi moja lilibaki kwenye mbao. Mume wangu alilisugua kwa mafuta ya taa, akalisugua kwa limau, mwishowe kwa mate. Kisha akaketi.

"Basi tuko na ua," akasema.

Plastiki ikapigwa marufuku.

Ndipo mama yake akaja kwetu Goma kutoka mji wa Kiwanja, kule Rutshuru, kutibiwa magoti. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache hakuyagawa sawasawa. Mwanawe alipata mengi, wajukuu wakapata mengi, mimi nikapata "karibu" na "asante". Mimi ni Munande wa Butembo, wao ni watu wa Rutshuru wanaosema Kinyarwanda, na pande hizi mbili zimezoea kusemana vibaya. Zamani, alipopelekewa habari zangu, alijibu "ni sawa", neno ambalo mume wangu alinifikishia kwa tabasamu ambalo nadhani aliliongeza mwenyewe.

Magoti yake hayakuweza mkeka. Siku ya kwanza alivuta kiti, akaketi mezani, akaweka sahani yake ya moto juu ya vernis. Mume wangu aliinuka nusu, akaketi tena. Hakuweza kumwambia mama yake kwamba meza ni ya wageni, kwa sababu angelazimika kusema kama yeye ni mgeni au si mgeni, na majibu yote mawili yalikuwa mabaya.

Mimi ni mshonaji. Nilijua kitambaa cha kawaida kisingezuia moto wala mchuzi. Nikaenda kwa fundi anayechora vibao vya maduka juu ya turubai.

"Unataka kibao cha nini, mama?"

"Cha meza."

"Tuandike nini?"

"Hakiandikwi kitu. Kinafunika tu."

Akanieleza namna ya kukitengeneza mwenyewe. Kwanza unaliosha turubai, unalipaka gundi ya unga wa muhogo, unapaka rangi nyeupe, unalainisha, unapaka tena. Hapo ndipo unachora. Mwisho unaweka vernis na kungoja.

"Watu wengi wanaharibu kwenye kungoja," akasema, akaniuzia mabaki ya rangi zake kwenye vikopo vya nyanya.

Nilipata turubai kuukuu la lori. Nililiosha mpaka maji yakaacha kuwa kahawia, nikalipiga pasi ya mkaa, nikaligongomelea kwenye mbao uani. Nililainisha kwa kipande cha makoro, yale mawe ya volkano tuliyojengea ukuta wa kiwanja, ambayo yanakwaruza kama kitu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Mama-mkwe aliketi kwenye kiti chake mlangoni, akiangalia. Hakuuliza. Mume wangu ndiye aliyekuja na shauri. Yeye ni mwalimu wa jiografia, kwa hiyo alitaka ramani ya jimbo.

Nilimuuliza sahani ya bugali itakaa upande gani wa mpaka.

"Basi weka kitu kingine," akasema, akaingia ndani.

Nikachora maua kwa kalamu ya risasi, mstari mzuri kuzunguka kingo zote. Nilikuwa nimeanza kupaka la kwanza wakati mama-mkwe alipozungumza.

"Maua iko nakuliwa?"

"Hapana, mama."

"Sasa inafanya nini ku meza?"

Nikasema ni ya kupamba tu. Aliniangalia namna mtu anavyomwangalia mwenye duka aliyemwambia chumvi imeisha. Kisha akavuta kiti, kidogo kidogo, mpaka akafika kwenye turubai, akanyoosha mkono. Nilimpa brashi. Aliigeuza, akaikataa, akaokota unyoya wa kuku, akaukata ncha kwa meno.

Alichora haragi moja, jekundu. Lilikuwa nono upande mmoja, na katikati akaliwekea lile jicho dogo jeupe. Akachora la pili juu ya maua yangu. Kisha la manjano. Kisha lenye madoa kama yai la ndege. Yeye amelima maharagi tangu ujana wake, na hakuhitaji kuangalia popote.

Nilijaribu kumsaidia nikapanga yangu kwenye mstari, moja baada ya lingine.

"Maharagi hailali hivi," akasema. "Hii iko ku mustari ya masomo. Imwage."

Nikayamwaga, moja huku, lingine kule. Tulikaa namna hiyo siku nyingi, baada ya yeye kurudi kutoka hospitali na mimi kumaliza kushona. Mara nyingine alisema kitu.

"Kwenu Butembo munalima maharagi?"

"Tunalima, mama."

"Inatoka muzuri?"

"Muzuri sana."

Alimaliza haragi alilokuwa akilipaka. "Kwetu banatuambiaka kama ya kwenu ni mbaya," akasema.

Siku nyingine aliniambia kwamba mume wangu, alipokuwa mtoto, alikataa kula maharagi yenye madoa kwa sababu aliamini yanamwangalia. Niliolewa na mtu huyu bila habari hiyo. Tulicheka, yeye kwa mabega tu, bila sauti. Niliona kwamba hata kucheka kwetu pamoja kulikuwa ni mara ya kwanza, lakini sikusema, kwa sababu rangi ilikuwa bado mbichi na haikutakiwa kutikiswa.

Tulipomaliza, tuliacha turubai uani likauke. Tukaingia ndani kunywa chai. Tulipotoka, kuku wa jirani alikuwa katikati ya nape, akidonoa. Alikuwa amepita kingo nzima, haragi kwa haragi, kwa bidii, na mdomo wake ulikuwa mwekundu mpaka machoni. Nilisikia machozi yananijia. Kazi yote ile.

Mama-mkwe aliegemea fimbo yake, akaangalia vile vidonda vidogo kwenye rangi, akamwangalia kuku.

"Sasa najua tulichora muzuri," akasema.

Jioni jirani alikuja, amemshika kuku kwapani. Ni mwanamume mpole, anaimba kwaya.

"Mama, kuku yangu imekunywa nini kwenu?"

"Haikunywa, papa. Imekula nape."

Alituangalia mmoja mmoja, kisha akaomba kuiona. Alisimama mbele yake, akamgeuza kuku upande wa pili ili asiione, akatuambia poleni. Kuku hakufa. Alitaga kama kawaida.

Tulirekebisha mashimo, tukapaka vernis, tukangoja kweli. Siku ya kuitandika tuliweka kwanza blanketi jembamba, kisha nape juu. Nilipika bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mume wangu aliosha mikono, akaketi, akaangalia yale maharagi yaliyomwagika pande zote za sahani yake. Yenye madoa yalikuwa mengi upande wake. Sijui nani aliyapanga hivyo.

"Kula," mama yake akamwambia.

Akala. Tangu siku hiyo tunakula mezani wote. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule mume wangu huinua pembe moja ya nape, anaangalia mbao yake, anairudisha.

Kabla mama hajaondoka, ndugu za mume wangu walikuja kumsalimu. Mmoja alipitisha kidole kwenye nape, akauliza ilinunuliwa wapi, Goma au ng'ambo.

"Haikununuliwa," mama-mkwe akasema. "Tulichora na mukazana wangu."

Neno hilo ni la kwao, maana yake mke wa mwanangu. Nilikuwa nimebeba chupa ya chai. Niliendelea kumimina mpaka mgeni akaniambia kikombe kimejaa.

Alirudi Kiwanja magoti yakiwa afadhali. Baadaye alipiga simu, akasema majirani zake hawaamini kwamba tuliichora wenyewe, nimchoree nyingine, ndogo, na safari hii maharagi niyachore mimi. Nilifanya kazi kwa wiki kadhaa. Nilimtumia picha kwenye simu ya mjukuu wake wa kule, nikangoja.

"Nimeona," akasema alipopiga. "Hii ni karanga."

"Ni maharagi, mama."

"Ni karanga. Lakini ni karanga ya muzuri. Ilete."