Ramani Iliyompendeza Mfadhili

Wanaume watatu walishuka gatini Mtangawanda na mashine ya kupimia ardhi, wakaniulizia mimi. Kwa jina langu kamili.

"Mwalimu Huwaida ndiye wewe? Asante sana. Umeturahisishia kazi."

Kazi gani? Mimi nafundisha darasa la sita, jamani! Nikacheka kijinga, nikaenda zangu.

Wacha niwaeleze nilivyojiingiza kwenye balaa hili.

Mimi ni wa Mkomani, mtoto wa mjini. Nilipoletwa huku kisiwani Pate kufundisha, bahari nilikuwa naijua ya kuangalia tu. Mwaka jana nikaomba ruzuku ndogo ya kufundishia mazingira nje ya darasa.

Wallahi tukapata! Viatu vya mpira, darubini mbili, madaftari. Kila Alhamisi maji yakitoka, tunashuka ufuoni kuhesabu kaa na kujifunza mikoko. Watoto waliokuwa wakisinzia darasani wakawa hawanyamazi. Nilikuwa na raha, sidanganyi.

Mfadhili alitaka kitu kimoja: ramani ya ufuo iliyochorwa na watoto. Mimea na wanyama.

Watoto wakachora kila kitu, hadi mashimo ya Bi Zamzam. Huyu mama hufukia makumbi ya nazi kwenye tope, yakakaa miezi mpaka yakalainika, kisha huyaponda akasokota kamba. Amesomesha watoto wanne kwa kamba hizo. Ukipita pale huoni kitu, ila vijiwe vya alama.

Aliichungulia ramani, akafurahi. "Ehee, mashimo yangu haya!"

Alipoondoka nikasoma fomu ya mfadhili tena. Mimea na wanyama. Nikachukua raba, nikayafuta mashimo yote kumi na mawili. Nikatia sahihi chini. Mfadhili akaisifu, akaiweka mtandaoni.

Sasa wale wapimaji. Wiki iliyofuata tukaitwa mkutanoni. Bwana Fahmi, mtu wa kampuni iliyowaleta, akatangaza kwamba pale ufuoni wanajenga hoteli.

Bi Zamzam akasimama. "Nti hini ya ufuoni naitumia tangu mamangu yu hai. Mashimo yangu mwayapeleka wapi?"

"Mashimo gani, mama?" Fahmi akakunjua karatasi kubwa.

Subhanallah. Rangi za watoto wangu!

"Shule yenu wenyewe imechora. Hakuna anayepatumia hapa."

Bi Zamzam akanigeukia. "Waambie, mwalimu."

Nikasimama. Nikasema mashimo yapo, niliyafuta mimi kwa mkono wangu.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, lakini..."

"Basi. Asante, mwalimu."

Mkutano ukaisha hapo.

Kabla kampuni haijauzungushia ufuo mabati, nilikwenda kumsaidia Bi Zamzam kufukua makumbi. Yalikuwa bado magumu, hayafai hata kamba ya kufungia mbuzi. Nikamuomba radhi. Bora angenitukana. Alisema tu, "Shika upande huo, mwalimu," tukabeba gunia.

Siku hizi anauza maandazi mlangoni kwake. Hayanunuliwi, kila nyumba inapika yake.

Jana ikaja barua ya mfadhili. Ruzuku ya pili imepita, na ni ile ramani iliyowavutia. Wanataka tuendelee kuwapeleka watoto kwenye ufuo ule ule.

Sijawajibu. Niwaambie nini? Mabati yameshafika majini.

Wewe unayewafundisha watoto mazingira, nisikie. Anayetafuta riziki yake pale ni sehemu ya mazingira yale. Mchore yeye kwanza, fomu iseme itakavyo. Mimi nimelijua hili wakati halimsaidii Bi Zamzam kitu.