Jina la Kompyuta Yangu

Mimi ni fundi wa kompyuta katika hoteli moja ya watalii wanaopiga mbizi hapa Utende, na tangu Sefu aletwe kutoka Dar kunisaidia, sina raha. Mwanahawa wa mapokezi, anayewakatia wageni tiketi za hifadhi ya bahari, nimemchekea mwaka mzima bila jibu. Sefu analetewa naye pweza wa nazi kila Ijumaa!

Ijumaa iliyopita mtandao ukazorota. Nikasema, ni huyuhuyu. Nikaandika amri ya kuikagua kompyuta yake kwa mbali, inioneshe programu zote zinazoiunganisha na mtandao. Ikatokea moja isiyoruhusiwa. Kwa furaha nikaita ofisi nzima.

"Bosi, mharibifu wetu huyu hapa!"

Sefu akainamia skrini yangu. "Kaka, hukuandika jina la kompyuta yangu. Usipoandika, kompyuta yako inajikagua yenyewe. Hiyo programu ni yako."

"Muongo mkubwa!"

Bosi akavaa miwani, akasoma kwa sauti jina la kompyuta iliyojibu, jina nililoipa mwenyewe kwa siri: "Mume wa Mwanahawa."

Mwanahawa akanigeukia, bakuli la Sefu mkononi. "Tangu lini?"