Aliyekuwa Akipokea Simu Yangu

Bila msaada wa masomo, chuo siingii. Nikatuma ombi, jibu likachelewa mpaka nikachoka. Juzi nikavamia ofisi ya wafadhili, mtoto mgongoni, nikafoka mbele ya foleni nzima: "Hata simu moja hamujapiga!"

"Mama, tunapiga kila juma, ombi lako iko na kosa," karani akasema. "Anapokea mutu, anacheka, anakata."

"Uongo! Piga sasa!"

Simu yangu ya biashara, yenye namba ya Goma, ikanyamaza mkononi. Iliyolia ilikuwa mgongoni: kale kasimu ka namba ya Rwanda ninakompa mwanangu achezee. Kumbe ndiyo namba niliyoiandika kwenye ombi! Nikamvuta mbele. Mungu wangu! Hata kutembea hajui, lakini kidole kilienda moja kwa moja kwenye kitufe cha kijani.

Akacheka. Kicheko kikatokea kwenye simu ya karani.

"Bon, basi," karani akasema, "ndiye huyu."