Shemeji alihukumiwa kwa kumuua mtu, nikaenda kumleta marehemu amsaidie kupata wateja

Mwidiwe wakuu, hodi humu ndani.

Mimi huwa nasoma tu na kupita, ila hili limenishinda kukaa nalo. Sitaongeza chumvi, lenyewe lina chumvi ya kutosha. Nilichobadilisha ni majina.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tumwite Ezekia, alikuwa na bucha Kibondo. Siku moja akagombana na jamaa anaitwa Bukuru. Sababu? Maini. Bukuru alidai amewekewa, Ezekia kamuuzia mwingine. Watu wakamsikia Ezekia akifoka, "Nitakuua wewe!"

Kesho yake Bukuru hakuonekana. Wala mwezi uliofuata.

Ezekia akakamatwa. Nguo zake zilikutwa na damu. Wakuu, mtu ana bucha! Zingekutwa na nini, maziwa?

Akahukumiwa kunyongwa. Miaka ikaenda akiwa ndani. Mama mkwe akafariki, akiwa karibu mtu pekee kijijini aliyeamini mwanae hakuua.

Halafu siku moja mama mmoja wa Kitahana yuko gulioni Mabamba, kule mpakani, anainua macho, anamwona Bukuru nyuma ya madumu ya mawese, anamenya ndizi.

"Umuzimu! Mzimu jamani!" Alikimbia akaacha hadi kanga.

Kumbe Bukuru alimtoroka mkewe, akavuka Burundi, akaoa huko, Mabamba huja kuuza mawese siku za gulio. Hakujua kama alishakufa. Alipoambiwa akauliza, "Nilikufa na nini?"

Kwa kifupi, Ezekia akaachiwa. Wengi hudhani stori inaishia hapo.

Nikamchukua kwangu Kasulu. Akawa anasimama mlangoni kumwomba dada yake ruhusa ya kwenda chooni. Mke wangu anageukia ukutani, anafuta machozi, ndipo anajibu, "Nenda, baba."

Nikamtafutia fremu sokoni, akafungua bucha. Hakuna mteja. Maneno yalishatembea kwamba muuaji anauza nyama.

Haji mmoja mwenye duka la vitenge alikuja, akachungulia, akauliza kwa upole, "Samahani kijana, hii ni nyama ya nini?"

Nikamwambia, haji, mahakama imemwachia.

Akanijibu, "Hata kumfunga ilimfunga mahakama."

Nikaona dawa ni moja. Nikawasha pikipiki, nikaenda Mabamba kumfuata marehemu.

Bukuru akagoma. "Kasulu ndiko alikohamia mke wangu wa zamani. Akiniona ataniua kweli."

Nikamwambia, mwenzio amesubiri kitanzi kwa ajili yako, wewe unaogopa mwanamke? Akainama. Akapanda.

Tukamkalisha kwenye benchi mbele ya bucha. Anayepita namwambia, "Huyu ndiye aliyeuawa, msalimie." Watu wakawa wanamshika mkono wanaubonyezabonyeza. Haji naye akaubonyeza, akaridhika, akachukua nyama ya mchuzi. Biashara ikachangamka.

Sasa siku moja mchana, soko limejaa, marehemu akaanza. "Eze, leo maini yangu."

"Yana mwenyewe."

"Unaona? Tabia yako ni ileile!"

Ezekia akanyanyua panga la mifupa. "Bukuru, nitakuua!"

Soko zima likageuka kutazama.

Bibi mmoja muuza dagaa akapaza sauti, "Mwacheni amuue! Jela yake si alishakaa?"

Ezekia akashusha panga. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa sakafuni, na kile kicheko kikageuka kilio. Toka atoke gerezani hakuwahi kulia.

Bukuru akaingia, akakaa naye palepale chini. "Ndugu yangu, nisamehe. Nilikufa bila kuaga."

Ezekia akainuka, akamkatia nusu ya maini.

Siku hizi Bukuru anafanya kazi hapohapo. Akichelewa asubuhi, Ezekia hafungui bucha, anazunguka mji mzima na bodaboda kumtafuta. Nilimwambia apunguze presha. Akaniambia, "Shemeji, huyu akipotea tena, nani atanielewa?"

Nilichojifunza: mtu akifungwa kwa kosa ambalo si lake, karatasi ya mahakama inamtoa gerezani tu. Midomoni mwa watu anabaki kifungoni. Huko mtamtoa nyie majirani, kwa kwenda kununua kwake na kukaa naye benchi moja.

Wenye ndugu waliopitia haya semeni mliwasaidiaje, na wa kunitukana pia mkaribie.

Nikichelewa kujibu mnivumilie. Ezekia amepiga simu sasa hivi, Bukuru hajafika kazini.