Ukumbi wa Kata wa Mzee Zefania

Zefania alijenga tembe, nyumba za udongo hadi paa, thelathini na moja katika vijiji vinavyozunguka Ihanja, na aliishi kuziona thelathini zikibomolewa. Soko huria lilipofunguliwa, wakulima waliuza alizeti kwa wafanyabiashara binafsi wakanunua mabati. Waliobaki chini ya paa la udongo wakaandikwa katika taarifa za kata kuwa "wasio na makazi bora". Oktoba 2004 ilikuwa imesalia moja, yake mwenyewe, ikiwa na alama nyekundu ya X ukutani na amri ya kubomolewa Ijumaa.

Jumatano ya wiki hiyo walifika wataalamu kutoka Dar es Salaam kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mkakati wa taifa wa muda mrefu wa kukabiliana na mabadiliko ya tabia ya nchi. Kikao kilipangwa ofisini kwa mtendaji wa kata, Fredrick, chini ya mabati mapya. Ilipotimu saa sita mchana, bango lenye maneno "Joto Linaongezeka" lilibanduka ukutani, na mkuu wa msafara, Bibi Agnes, akatangaza kwamba hawezi kujadili joto huku akiokwa.

Fredrick akaenda kwa jirani yake, Zefania.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ijumaa imewahi hivi?"

"Tunaomba kuazima nyumba. Kidogo tu."

"Hii isiyofaa kukaa watu?"

"Mzee, usinifedheheshe mbele ya wageni."

"Basi karibuni. Inameni mlangoni, paa hili halijasoma."

Walikaa humo kwa muda wa saa nne, wakapoa. Bibi Agnes aliuliza siri ya ubaridi ule. "Udongo," alijibu Zefania. Katibu wa kikao hakuandika, kwa kuwa udongo haukuwamo kwenye fomu.

"Mkakati wenu ni wa miaka mingapi?" Zefania akauliza.

"Thelathini, baba."

"Nyumba hii imebakiza siku mbili. Mtaniweka ukurasa gani?"

Kumbukumbu za kikao zinasema: "Mdau mmoja aliomba elimu zaidi."

Zinasema na jingine. Kanuni zilidai kikao kifanyike katika jengo la umma. Hivyo, penye "Mahali", Fredrick aliandika "Ukumbi wa Kata", akasaini, akagonga muhuri, akagawa nakala kwa waliohudhuria na wenye nyumba. Marietha, mke wa Zefania, aliyejifunza kusoma katika elimu ya watu wazima, aliisoma yake mara mbili.

Ijumaa Fredrick alikuja na vibarua wawili wenye sululu. Marietha alisimama mlangoni na karatasi yake.

"Mwanangu, unabomoa ukumbi wa kata kwa kibali cha nani?"

"Mama, ile ilikuwa lugha ya ofisini tu."

"Na ile X ukutani, si lugha ya ofisini?"

Fredrick aliiona saini yake na muhuri chini ya karatasi. Kisha akawaambia vibarua wapumzike. Walipumzikia ndani, maana nje palikuwa na joto.

Mkakati ulichapishwa miaka mitatu baadaye. Jalada lake lina picha ya tembe ile, na chini yake maneno "makazi yaliyo hatarini". Ukurasa wa hamsini na tatu unaishauri kila kaya iezeke bati. Tembe bado imesimama, na X yake. Kila Oktoba, jua la mchana likikolea, Fredrick huja kukagua ukumbi. Akifika mlangoni huinama bila kukumbushwa.