Uji wa Alhamisi

Zuleha aliliona bango lile akiwa juu ya bodaboda, akirudi kutoka Kahama kununua mkanda wa mashine ya kusaga. Alimgonga dereva begani asimame. Pale njia panda ya kijiji chao, Mwashilindi, juu ya nguzo mbili za chuma, alijiona mwenyewe: mkubwa kama nyumba, kilemba kimejaa unga, anacheka. Nyuma yake watoto wa shule wameshika vikombe vya uji. Chini pameandikwa: TUNALISHA WATOTO WENU. Halafu jina la kampuni.

"Mama Yasmini, umekuwa maarufu!" dereva akasema.

"Washa pikipiki twende," Zuleha akajibu.

Uji ule ulikuwa wake. Mumewe alikwenda Geita kuchimba dhahabu akaoa huko huko, akamwachia mtoto mchanga, Yasmini, na mashine mbovu. Zuleha aliifufua. Alijifunza mwenyewe kubadili chekeche na kukaza mkanda, akasaga mahindi ya watu kwa bei ya soko. Lakini Alhamisi alisagia shule bure. Mwalimu Eufrasia, mkuu wa shule, ndiye aliyemwomba, maana watoto walikuwa wakitoka mapumziko na njaa, wanakwenda kuosha mchanga wa dhahabu kwenye mialo, hawarudi darasani. Wazazi wakaleta mahindi, kila nyumba kibaba. Zuleha akatoa umeme na jasho lake. Miaka saba uji ule uliwashika watoto kwenye madawati.

Wala haikuwa huruma tupu. Mzazi aliyeleta kibaba cha shule Alhamisi, Ijumaa alirudi na debe lake la nyumbani. Zuleha alilijua hilo na hakuliona aibu.

Kisha akaja Deusdedit, afisa wa mahusiano wa kampuni inayonunua mchanga uliokwisha kuoshwa na wachimbaji wadogo na kuuchenjua upya kupata dhahabu iliyobaki. Alisalimia vizuri, shikamoo yake ilikuwa ya mtu aliyelelewa. Akasema kampuni inataka kuunga mkono juhudi za mama. Zuleha akapigwa picha, akacheka kweli, akidhani huenda watamvutia umeme wenye nguvu zaidi.

Badala yake kampuni ilileta shuleni unga wa pakiti kutoka Mwanza. Wazazi wakaacha kutoa mahindi; nani atoe chake wakati tajiri anagawa? Wageni wa makao makuu wakaja, wakaonja uji vijiko viwili, wakapiga picha, wakaondoka. Muhula uliofuata unga haukuja. Mwalimu Eufrasia alipopiga simu aliambiwa bajeti imehamishiwa mradi mwingine. Watoto wakarudi mialoni. Mmoja wa darasa la nne akaangukiwa na udongo, mkono ukavunjika sehemu mbili.

Na wiki hiyo hiyo, ndipo bango likasimama.

Siku ya mkutano wa kijiji kampuni ilikuja kuomba eneo zaidi la kumwagia mchanga wake. Deusdedit alizungumza kwa muda mrefu juu ya kurudisha kwa jamii. Zuleha alikuwa amekaa mbele. Akasimama bila kuitwa.

"Mimi ni mfanyabiashara," alisema. "Faida ndiyo imemsomesha Yasmini wangu. Sikatai na nyinyi mpate yenu. Lakini mlichukua uji wetu mkaubandika jina lenu, mkauua, halafu mnanisimamisha barabarani nikicheka!"

"Mama, ule ulikuwa mradi wa majaribio," Deusdedit alisema taratibu. "Na picha uliridhia."

"Niliridhia picha. Uongo sikuuridhia. Na majaribio gani? Mlikuwa mnajaribu nini kwenye matumbo ya watoto?"

Watu wakapiga kelele. Hakuna aliyesaini kuwapa eneo siku ile.

Baada ya wiki bango likashushwa. Deusdedit akafika mashineni, safari hii bila kamera. Kampuni ingempa Zuleha zabuni ya unga wa shule kwa mwaka mzima, mradi magunia yawe na nembo yao.

"Mwaka ukiisha?"

"Tutatathmini, mama."

"Ukitaka unga, bei imeandikwa pale mlangoni, nunua kama wenzako. Uji wa shule usiuguse tena."

Deusdedit aliondoka, lakini kampuni haikuondoka. Miezi mitatu baadaye ilileta madawati hamsini, wakapiga picha na madawati, na eneo walilotaka wakalipata. Baadhi ya waliopiga kelele mkutanoni walikuwa wa kwanza kusaini. Zuleha alipoambiwa alitupa ufagio ukagonga ukuta.

Jioni alipita nyumba kwa nyumba na Mwalimu Eufrasia, akiwafokea majirani zake kwa Kiswahili, na palipohitajika kwa Kisukuma. Tajiri anafuata faida yake, aliwaambia, na nyinyi je, mmewasahau watoto wenu kwa pakiti za muhula mmoja?

Alhamisi zilileta mahindi nyumba kumi na moja tu. Zuleha akawasha mashine akasaga kilichokuwepo. Na kila aliyepita njiani mikono mitupu, alimwita kwa jina, kwa sauti iliyoshinda mngurumo wa mashine.