Popo wa Turubai na Zamu ya Fundi Baiskeli

Mimi nilikuwa mshonaji wa maturubai, na habari ya kuruka angani siwezi kuianza bila turubai, maana bila turubai hatungeruka. Tulikaa nyumba moja Kariakoo, nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, na nyuma uani ndiko kunakofuliwa, kunakopikwa na kunakogombaniwa kamba ya kuanikia. Asubuhi upepo wa upande wa Feri ulituletea harufu ya samaki wa kukaanga. Mpaka leo nikiisikia harufu hiyo mguu wangu wa kulia unatikisika wenyewe, unatafuta kanyagio la cherehani.

Shule sikuisoma sana. Niliishia darasa la pili, halafu ukubwani nikaingia kisomo cha watu wazima, jioni, pale karibu na Msimbazi, na mwalimu wetu alikuwa binti mdogo aliyetuamkia shikamoo kwanza ndipo atugombeze. Nikizunguka sana msomaji anivumilie. Hata barabarani natembea hivyo hivyo.

Basi tulikuwa watatu. Chumba cha mbele alikaa dereva wa lori la shirika moja la umma, mtu wa hapahapa Pwani, mcheshi, tumbo mbele. Cha katikati mimi. Cha mwisho, kile kilichopakana na choo, alikaa fundi baiskeli, mtu wa Newala, mkimya. Unaweza kukaa naye kutwa nzima akakwambia maneno mawili, na moja ni spana. Chumba cha pili kutoka mbele ndimo alimokaa mama mmoja mjane aliyepika vitumbua, na huyo ndiye aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Tulimwita Mama Balozi. Siku hizo balozi ndiye aliyejua nani amelala wapi, mgeni wa nani amefika lini na kwa nini hajaondoka. Mama Balozi alijua hata ulichoota.

Dereva alikuwa anapita barabara ya kaskazini, na kule kwenye milima mikavu ya upande wa Same akafahamiana na mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa na bawa la kurukia. Mabomba ya alumini, kitambaa, nyaya. Unajifunga mkanda, unaning'inia chini yake, unakimbia mteremkoni mpaka ardhi inakuishia miguuni. Mwalimu yule akamfundisha dereva, kila safari kidogo. Siku moja akaangukia mawe, akavunjika mguu, akarudishwa kwao, na lile bawa lililopondeka akamwachia rafiki yake. Dereva akalileta Kariakoo chini ya turubai la lori. Mke wake akauliza kama kile kitambaa hakifai mapazia.

Hakikufaa hata mapazia, kilikuwa kimechanika vibaya. Nikakata kipya kutoka kwenye mabaki ya maturubai mepesi ya kazini, vipande vya rangi tofauti, kijani, kahawia, na kimoja cheupe chenye maandishi ya mbolea. Fundi baiskeli akayachukua mabomba. Aliyanyoosha kama anavyonyoosha rimu, analizungusha bomba mbele ya jicho moja, anagonga kidogo, anazungusha tena. Alipomaliza akasema, "Hii ni baiskeli iliyokosa magurudumu tu." Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Mtaa ukaliita bawa letu Popo, kwa sababu lilishinda limening'inia uani, limejikunja.

Sasa nimseme fundi baiskeli, maana habari hii ni yake kuliko ilivyo yangu. Alikuwa anaondoka. Baba yake kule Newala amezeeka, kijiji kipya kimegawa mashamba, na shamba la kwao halina wa kulilima. Ameshakubali, anarudi moja kwa moja, hata vifaa vyake amekwisha kuviahidi kwa fundi mwingine. Kabla ya kuondoka alitaka jambo moja tu. Aruke. Si kama tulivyokuwa tukijaribu kwenye vilima vya Pugu siku za Jumapili, pale tuliruka kama kuku anayefukuzwa jikoni, hatua chache hewani halafu kifua kwenye majani. Alitaka kuruka kweli, juu ya milima, aende mbali.

Tukapanga safari na lori. Mama Balozi akatukuta uani tunafunga mabomba kwa kamba. Akalitazama Popo muda mrefu, mkono kiunoni.

"Hiki kinaruka?"

Dereva akasema kinaruka, mama.

"Na kikishuka, kinashukia kwa nani?"

Akasema watu watatu wa nyumba zake hawaendi kuanguka kwa watu bila yeye kuwepo, atamjibu nani huko juu akiulizwa? Alfajiri tulimkuta amekwisha kukaa mbele ya lori, kiti cha dirishani, na kapu la vitumbua mapajani. Mimi na fundi tukapanda nyuma.

Milima ile, sijui niielezeje. Sisi watu wa joto la unyevu, joto linalokukumbatia kama shemeji mlevi, tulifika mahali ambapo joto halikugusi. Linasimama mbali kidogo na kukutazama. Ardhi nyekundu, miiba, mawe yamekaa kama watu waliokuwa wanazungumza wakanyamaza tulipofika. Chini tambarare imenyooka mpaka macho yanachoka, inameremeta kama maji, na si maji. Tulilala kwenye lori, na alfajiri ya pili tulipopanda juu na mabomba mabegani kila hatua ilitaka pumzi mbili. Nilisikia damu yangu masikioni, nikadhani ni cherehani.

Kileleni tukaweka zamu. Tuliweka kwa desturi yetu ya mjini: pale duka la ushirika, sukari ikisemekana inakuja, mtu anaweka jiwe lake kwenye foleni na kwenda zake, na jiwe linasogezwa na walio nyuma kwa haki kabisa, kana kwamba ni yeye. Kila mmoja akaokota jiwe. La dereva likatangulia, kwa kuwa alikuwa mwalimu wetu. La pili langu. Fundi baiskeli akaliweka lake nyuma. Nilimwambia apite mbele yangu, akatikisa kichwa. Mtu wa foleni yule, hakupenda kupenyezwa.

Dereva akaruka asubuhi, upepo ungali laini. Tumbo lake likaenda angani kama halina uzito, akashuka karibu na lori, alikobaki Mama Balozi, naye akampa kitumbua. Tukalipandisha tena Popo juu, jua likawa kali, mawe yakaanza kuwaka. Ikawa zamu yangu. Ya fundi ingekuwa alasiri.

Nilikimbia hatua chache, na ya mwisho haikukuta ardhi.

Kwanza ni ukimya. Nilidhani angani kuna kelele, kumbe kelele zote ni za huku chini. Kivuli changu kilipita juu ya mawe, chenyewe, hakina haraka, kikapanda miiba bila kuchomwa. Halafu hewa ya moto ikaninyanyua. Haipigi mtu, hewa ile. Inakuinua kama mama anavyomwinua mtoto aliyesinzia kumpeleka kitandani, na wewe unajua unainuliwa na hutaki kuamka. Nikapanda. Wenzangu wakawa wadogo, jiwe la fundi likapotea, na turubai juu ya kichwa changu likawa linanukia kama kiwandani kwetu, mafuta ya mashine na jasho la mwaka mzima. Nikawa niko Kariakoo na niko mbinguni kwa wakati mmoja.

Sasa turubai. Turubai la lori halishonwi likakazwa kabisa. Unaliachia nafasi kidogo kwenye kila mshono, ili upepo ukiingia lisipasuke. Mkono uliozoea hauulizi, na mimi niliachia nafasi vilevile kwenye Popo. Kwa hiyo Popo alikuwa anajaa vizuri sana, anapanda vizuri sana, lakini kwenda mbele hawezi. Asubuhi haikuonekana. Adhuhuri upepo ulipoanza kuvuma kuelekea mlimani nikalivuta bomba la kuongozea, lile la mikononi, mpaka tumboni ili niende mbele, na lile bonde lililokuwa mbele yangu likabaki palepale, halafu likaanza kuondoka. Nilikuwa narudi kinyumenyume. Kilele kikapita chini ya miguu yangu, nikaiona migongo ya rafiki zangu wakigeuka kunitazama, na upande wa pili wa mlima ukafunguka, nchi nyingine kavu ambayo hatukuijua.

Nikashukia kwenye shamba la mtama uliokwisha kuvunwa, magoti yakachubuka, basi.

Kilikuwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, kimekaa kama kwenye rafu, mlima nyuma na mteremko mkali mbele. Watu walikuja polepole. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyepiga kelele. Mwenyekiti wao, mtu wa makamo mwenye koti zito, akanipa maji kwanza, nikanywa, ndipo akauliza nimetoka wapi. Nikasema Kariakoo. Akauliza Kariakoo kwa balozi gani. Nikamtaja. Akauliza barua yake ya utambulisho iko wapi, na mimi barua sina, nina mkanda kiunoni na kitu kikubwa cha rangi tatu nyuma yangu. Siku zile tuliambiwa tuwe macho na watu tusiowajua, na kwa kweli mimi mwenyewe ningejishuku.

Hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kwa upole kwamba mimi nitakula na kulala kwake, lakini chombo kitawekwa ghalani mpaka watu wa wilaya waje wakitazame. Watakuja lini? Akasema mvua zikipita, pengine. Nikaona shamba la Newala, na mzee anayemsubiri mwanawe, na nikajua kwamba zamu ya fundi imekwisha bila yeye kuruka.

Jua lilipoanza kulegea wakaonekana wawili wakishuka mlima. Fundi mbele, na nyuma yake Mama Balozi, kanga mbili kiunoni, raba za mume wake marehemu miguuni, kapu kichwani. Dereva alibaki na lori. Mama Balozi hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, wakasalimiana kirefu, habari za nyumbani, za watoto, za mvua isiyonyesha, mpaka mimi nikaona ajabu. Kisha akafungua kapu akampa vitumbua, na mwenyekiti akaamuru tuwekewe chai.

Ndipo akasema, "Huyu ni wangu. Nyumba ya nne. Hana adabu ya kubisha hodi, lakini mwizi si mwizi."

Mwenyekiti akacheka kidogo. Akasema mtu amemwamini, ila kitu chenyewe kinamtisha, leo kimeshusha mshonaji, kesho kitashusha nani? Mama Balozi akakubali kwamba ni swali la haki. Yeye mwenyewe alikwisha kuuliza. Akafikiri, akinywa chai. Mwisho akatoa neno lake, balozi kwa mwenyekiti: kitu hiki kikiingia kwenye lori, hakitaruka tena. Kitafumuliwa Kariakoo na yeye atasimama hapo akitazama.

Mimi nikainamisha kichwa. Fundi baiskeli alikuwa amechuchumaa kando ya Popo, anapapasa bomba moja lililopinda kidogo niliposhuka, na hakuinua macho.

"Sasa," Mama Balozi akaendelea, "mpaka kwenye lori kitafikaje? Mlimani hakipandi, sisi wenyewe tumefika kwa magoti. Mteremkoni huku watu wakikibeba watavunjika. Huyu kijana wangu wa nyumba ya nne, chumba cha mwisho, hajaruka. Anaondoka mjini wiki hii, harudi. Mwache akishushe yeye, mchana kweupe, wote mkiona kwamba ni nguo na mabomba. Mtoto mmoja wa hapa avuke amwambie dereva, lori lizunguke limsubiri chini."

Mwenyekiti akamtazama fundi. Akamuuliza kama anaweza.

"Nataka," fundi akasema.

Kesho yake, jua lilipokwisha kupanda, kijiji kizima kilikuwa ukingoni, na wazee wameletewa viti. Fundi amelinyoosha bomba, na mimi nimepitisha jioni iliyotangulia, mpaka giza likaninyang'anya sindano, nikikaza mishono, naondoa ile nafasi, kipande kwa kipande. Alijifunga mkanda. Hakuaga. Akakimbia kama mtu anayeikimbilia baiskeli inayoteremka yenyewe, na ardhi ikamwachia.

Nilidhani atateremka moja kwa moja. Alikwenda kushoto, akaikuta hewa ya moto inayopanda ukutani mwa mlima, akainuliwa. Akazunguka. Kivuli chake kikapita juu yetu, juu ya mabati ya shule, juu ya mbuzi ambao hawakujali, kikarudi tena. Akapanda mpaka kile kipande cheupe cha mbolea kikawa kama ukucha. Mama mmoja karibu yangu alikuwa ananong'ona kama anambembeleza mtoto.

Mwenyekiti akaanza kusogeza miguu. Akasema mbona hashuki, makubaliano yalikuwa akishushe.

"Atashuka," Mama Balozi akasema. "Mwache kwanza."

Akakaa chini kwenye jiwe, akavua raba, akakung'uta mchanga wa upande wa pili wa mlima, na akanyoosha miguu yake juani. Sisi nasi tukakaa. Fundi akageuka taratibu kuelekea tambarare ya upande huu, nayo ilimeta kama ile ya kwanza, akaenda, akaenda, akawa nukta, na baada ya muda mrefu honi ya lori ikatufikia kutoka chini, hafifu, kana kwamba ilipigwa siku nyingine.